Kupiga Picha, Kupiga Hodi

Ipo picha ya wavulana watatu wanaokimbilia maji. Wako uchi, migongo yao imemwelekea mtazamaji, na miili yao ni myeusi tititi mbele ya povu jeupe la wimbi, kana kwamba imekatwa kwa mkasi katika karatasi. Mikono na miguu imetawanyika hewani. Hapana uso hata mmoja unaoonekana, na walakini furaha yao haikuhitaji uso ili ijulikane. Aliyeipiga ni Martin Munkácsi, Mhungari aliyekuwa akiyapigia picha magazeti ya Berlin, na inahesabiwa kuwa ni ya mwaka 1930 au karibu na hapo. Kwa miaka mingi imechapishwa vitabuni na kutundikwa katika kuta za maonyesho kwa jina la wavulana wa Ziwa Tanganyika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kijana mmoja wa Kifaransa aliiona picha hiyo katika jarida. Jina lake Henri Cartier-Bresson, mtoto wa ukoo wa matajiri wa viwanda vya nyuzi, aliyekuwa amejifunza uchoraji kwa André Lhote na ambaye kamera kwake hadi hapo ilikuwa kitu cha kuchezea. Baadaye, akiwa mzee mashuhuri, alieleza kwamba picha ile ndiyo iliyokuwa cheche. Kwamba hakuwahi kufikiri kuwa kamera inaweza kukamata kitu kama kile. Na kwamba alipokwisha kuiona alichukua kamera akatoka kwenda njiani. Alidumu njiani humo kwa muda wa miaka arobaini hivi. Kila mpiga picha wa leo anayezunguka mitaani na kamera ndogo, akingoja kivuli, ngazi na mpita njia vikutane mahali pamoja, na akaitoa kazi yake kwa weusi na weupe peke yake, ni mwanafunzi wake, ajue asijue. Basi yawezekana kusema, bila ya kutia chumvi nyingi, kwamba sehemu kubwa ya sanaa hiyo imeanzia katika migongo ya watoto watatu wa Kiafrika.

Majina yao hayajulikani kwa kuwa hayakuandikwa. Na la ajabu zaidi ni kwamba hata maji yenyewe yana shaka. Munkácsi alisafiri kwenda Liberia kwa kazi ya gazeti lake, na wapo watafiti waliozifuatilia safari hizo wakaona kuwa picha ni ya pwani ya Liberia, wala si ya Tanganyika. Cartier-Bresson mwenyewe alipoikumbuka alitaja watoto wanaoingia baharini. Hilo peke yake si ushahidi, maana mtu wa Kigoma atasema kwamba ziwa lake nalo lina mawimbi yake, na mgeni haoni tofauti. Lakini baina ya Tanganyika na Liberia pana upana wa bara zima. Lau ingekuwa picha ya watoto watatu wa Normandy imeandikwa kuwa ni ya Sicily, kosa lingesahihishwa kabla ya wino kukauka. Hili lilikaa miaka kwa miaka, wala halikumkosesha mtu usingizi, kwa sababu picha ilikuwa nzuri mno.

Hapo ndipo penye swali ambalo wapenzi wa picha za njiani aghalabu hulipita mbio. Mtu anapouchukua uso wa mwenziwe njiani, au mgongo wake, bila ya kumuuliza, anachukua nini hasa? Na akishachukua, anabakiwa na deni gani?

Waingereza husema kuwa picha huchukuliwa, na Wafaransa husema vivyo hivyo. Kiswahili husema hupigwa. Mwanasarufi atatahadharisha mara moja kuwa neno hilo lisibebeshwe mzigo usio wake, kwani Mswahili hupiga pasi, hupiga simu na hupiga mbizi, wala hakuna anayeumia. Ni kweli. Hata hivyo kitenzi hicho hicho ndicho kinachotumika mlangoni. Mtu hupiga hodi mara moja, mara mbili, mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka, wala haruhusiwi kuchungulia huku akingoja jibu. Adabu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwizi. Mwizi hapigi hodi wala hakuna anayemtarajia apige. Imewekwa kwa ajili ya mtu mwema, ndugu na jirani na rafiki, kwa kuwa jicho lake nalo hutangulia kuingia kabla ya mguu, na laweza kumkuta mwenye nyumba katika hali ambayo hakujiandaa kuonekana nayo. Katika adabu hii kosa la jicho ni kosa kamili, hata kama mkono haukugusa kitu.

Mpiga picha wa njiani atajibu kwamba njia haina mlango. Anayetoka nje amekwisha kukubali kuonekana. Hoja hiyo ni nzito, na sheria za nchi nyingi zimejengwa juu yake, lakini inachanganya mambo mawili. Mzee aliyeketi juu ya baraza la nyumba yake katika Mji Mkongwe yuko nje, na kwa namna fulani yuko ndani vilevile, kwa sababu baraza ni la mwenye nyumba na papo hapo ni la mpita njia. Anajua kuwa ataonekana na watu ishirini au mia watakaopita jioni ile. Anawajua, au anawajua baba zao, wakimtazama naye huwatazama, wakisalimia huitikia, na wakishapita wamepita. Hilo ndilo alilolikubali. Hakukubali kuonekana na watu laki moja asiowaona, wala kuonekana mwakani, wala kuonekana baada ya kufa kwake akiwa amefunua mdomo kwa miayo. Jicho la mpita njia husahau, na katika kusahau kwake mna sitara. Kamera haisahau. Kwa hiyo anachonyimwa mtu aliyepigwa picha bila ya kujua si faragha kwa maana ya kuta na mapazia, kwani hakuwa nayo pale. Anachonyimwa ni ile haki ndogo ya kila mpita njia, ya kupita kweli.

Yafaa kumtazama Cartier-Bresson mwenyewe kwa uadilifu, maana hakuwa mtu wa ovyo. Kabla ya kuwa mpiga picha alikuwa mwindaji, na hili si fumbo. Mwaka 1930 alikwenda Côte d'Ivoire, akawa akiishi kwa kuwinda usiku na kuwauzia wanavijiji nyama. Huko aliugua homa ya mkojo mweusi nusura imuue. Akaandika kwao kutoa wasia wa mazishi, kwamba azikwe Normandy pembezoni mwa msitu wa Eawy huku ukipigwa muziki wa Debussy. Akajibiwa kwa niaba ya babu yake kuwa hayo ni gharama kubwa mno, na ingekuwa bora arejee kwanza. Alirejea, akanunua kamera ya Leica katika mji wa Marseille, ndogo ya kuingia mfukoni, akazifunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili mnyama, yaani binadamu, asishituke. Mara kwa mara alijieleza kama mtu anayenyemelea. Kitabu kimoja alichokipenda sana kilikuwa ni cha Mjerumani Eugen Herrigel juu ya upigaji wa mishale kwa njia ya Zen.

Mwaka 1952 alitoa kitabu chake kikubwa, kilichochorewa jalada na Henri Matisse. Jina la Kifaransa ni *Images à la sauvette*. Maneno hayo ya mwisho hutumika Ufaransa kwa mchuuzi asiye na leseni, yule anayetandaza bidhaa zake chini huku jicho moja likimtazama askari, tayari kufunga kitambaa na kukimbia. Kwa Kiswahili cha leo zingeitwa picha za kimachinga. Ni jina la mtu anayekiri, kwa kicheko kidogo, kwamba biashara yake haina kibali. Lakini toleo la Kiingereza lilitoka kwa jina jengine, *The Decisive Moment*, lililotolewa katika sentensi ya Kadinali de Retz aliyoinukuu mwanzoni mwa kitabu; na ulimwengu ukalishika hilo. Mchuuzi akavishwa joho. Tangu hapo vijana wanaomfuata hufundishwa juu ya wakati barabara, juu ya ufundi wa kungoja mpaka umbo na maana viangukie mahali pamoja, mambo ambayo ni kweli na ni mazuri. Ila katika kuhama kutoka jina moja kwenda jengine, kibali kiliacha kuulizwa. Jina la kwanza lilikuwa bado lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ilikuwa na kazi yake.

Picha yake inayojulikana kuliko zote ilipigwa mwaka 1932 nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare, Paris. Mtu mmoja aliyevaa kofia anaruka dimbwi la maji, na kisigino chake kiko karibu mno kugusa kivuli chake mwenyewe majini. Ukutani nyuma yake lipo bango lenye mchezaji anayeruka vilevile, kana kwamba anamkejeli. Hapana haja ya kueleza uzuri wake. Kinachofaa kukumbukwa ni namna ilivyopatikana. Pale palikuwa na uzio wa mbao, naye Cartier-Bresson akaipenyeza lenzi katika mwanya. Mwanya ulikuwa mdogo hata asiweze kuona vizuri anachokipiga, na ndiyo maana picha hiyo ni mojawapo ya chache alizozikata pembeni, ilhali kwa kawaida alikataa katakata picha zake zikatwe. Mtu mzima anayechungulia kwenye ufa wa uzio angejulikana kwa jina baya katika mtaa wowote wa pwani hii. Huyu alitoka na picha itakayodumu. Wala aliyeruka hakupata hasara yoyote inayoonekana, labda viatu vilivyolowa. Yeye ni mtu asiye uso, asiye jina, na hakuna mtu wa karibu naye aliyefedheheka. Kama kesi zote zingekuwa nyepesi kama hii, pasingekuwa na haja ya kuandika lolote.

Mtetezi wa wapiga picha hapo atauliza: je, angepiga hodi? Amsimamishe yule bwana, avue kofia, amuombe aruke tena? Robert Doisneau, Mfaransa mwenzake, alifanya mfano wa hayo. Picha yake ya mwaka 1950 ya vijana wawili wanaobusiana mbele ya jumba la manispaa la Paris iliuzwa ulimwenguni kote kama tukio lililonaswa njiani. Mwaka 1993, wazee wawili waliodhani kuwa ndio waliopigwa walipompeleka mahakamani, ilidhihirika kwamba Doisneau aliwaomba wanafunzi wawili wa uigizaji, wapenzi kwelikweli, wabusiane kwa ajili yake. Watu wengi waliona wamedanganywa. Ni ajabu ya kutafakari, kwamba watazamaji walikasirishwa na ruhusa. Walitaka iwe imeibwa. Thamani yake kwao ilikuwa katika kuibwa. Anayewashitaki wapiga picha peke yao, basi, amewasahau wateja wao.

Na iko hoja nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 1945, katika kambi ya muda ya Dessau, Ujerumani, Cartier-Bresson alipiga picha ya mwanamke mmoja aliyetambuliwa kuwa mpelelezi wa Gestapo. Mshitaki wake, mwanamke vilevile, uso umemkunjamana kwa hasira, amemwinukia. Mshitakiwa ameinamisha kichwa. Karani ameketi mezani na kalamu yake. Na nyuma umati umebana kutazama. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kuwa hapo palitakiwa ruhusa. Mpiga picha mwenyewe alikuwa amekaa mateka mikononi mwa Wajerumani tangu 1940 hadi alipofaulu kutoroka kwa jaribio la tatu mwaka 1943. Pale alikuwa shahidi, na shahidi haombi idhini ya mshitakiwa. Mtu anayetaka kamera ipige hodi kila mlango hana budi kukubali kuwa wadhalimu nao wana milango, na wao ndio watakaokuwa wa kwanza kutoitikia.

Lakini picha hiyo ikitazamwa kwa muda mrefu huanza kusumbua kwa njia nyengine. Yule aliyeinamisha kichwa alistahiki kuhukumiwa. Je, alistahiki kuinamisha kichwa milele? Hukumu ya mahakama ina mwisho wake, mtu hufungwa kisha hutoka, au hufa. Picha haina kifungo kinachomalizika. Na yule mshitaki, aliyedhulumiwa, naye amehukumiwa abaki na uso wa hasira, akajulikana kwa dakika ambayo yamkini ilikuwa mbaya kuliko zote za maisha yake. Ushahidi ulihitajika, na wote wawili waliulipia. Kusema kuwa mpiga picha alifanya haki hakufuti gharama hiyo. Haki nyingi zina gharama, na mtu mwadilifu hutaka kujua ni nani aliyeilipa.

Weusi na weupe nao una sehemu yake katika mambo haya. Wafuasi wa Cartier-Bresson huupenda kwa kuwa huondoa kelele za rangi, ukabaki mfupa wa jambo: mstari, kivuli, umbo. Mwenyewe aliiona picha ya rangi kuwa si yake. Ila kinachoondolewa si kelele daima. Mwanamke aliyejitanda kanga ya kisutu, akapigwa kwa weusi na weupe, amevuliwa wekundu ambao kila ajuaye kanga angeutambua na kujua ni wa sherehe gani. Na maneno ya kanga, kama yapo, ambayo yumkini aliyachagua kwa ajili ya mtu maalumu mtaani, yatatundikwa katika ukumbi wa Paris au New York mbele ya watu ambao kwao ni mapambo tu. Alikuwa akisema kitu, na sasa anaonekana tu. Kadhalika, rangi inapoondoka, umaskini hupendeza: ukuta uliobanduka hugeuka mchoro, shati lililochanika hugeuka kivuli kizuri. Mtazamaji hujihisi ameguswa na binadamu, ilhali pengine kilichomgusa ni chokaa. Hili si kosa la kila mpiga picha, na katika mikono mizuri weusi na weupe huweza kumpa mnyonge heshima ambayo rangi ingemnyima. Lakini urahisi wake ndio hatari yake.

Kuhusu sheria, yatosha kutaja kesi mbili zilizokwenda njia mbalimbali. Kijana wa kike wa miaka kumi na saba alipigwa picha akiwa ameketi ngazini, Montréal, ikachapishwa bila ya idhini yake katika jarida la sanaa la *Vice-Versa*. Mwaka 1998 Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ilisema kuwa haki ya mtu juu ya sura yake iliingiliwa, na akalipwa dola 2,000. Mjini New York mambo yalikuwa kinyume. Philip-Lorca diCorcia alitega taa zake Times Square baina ya 1999 na 2001, akawapiga wapita njia kwa mbali bila ya wao kujua. Mmoja wao, mzee wa Kiyahudi wa madhehebu ya Hasidi ambaye imani yake inakataza sanamu, aligundua kuwa uso wake umeuzwa kwa makumi elfu ya dola. Mwaka 2006 mahakama ilikataa madai yake, ikaona kuwa picha hiyo ni sanaa na sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza. Na mwaka 2007 rufaa yake ilianguka kwa sababu muda wa kushitaki ulikuwa umepita. Msomaji wa visiwa hivi hatashindwa kumwelewa mzee huyo. Wanazuoni wa Kiislamu nao walikhitilafiana juu ya kamera, wengine wakiihesabu kuwa inazuia kivuli tu kama kioo kinavyofanya, wengine wakiitia katika hukumu ya taswira. Mahakama ya New York haikuwa na namna ya kulipima jambo kama hilo. Ilipima uhuru, ikapima tarehe.

Sheria, basi, haitoshi, wala kumtaka mpiga picha aombe ruhusa kila mara hakutekelezeki. Hodi ya kabla inaua kile kinachotafutwa. Ila ipo adabu ya mgeni aliyelazimika kuingia bila ya hodi, kwa moto au kwa mvua: akishaingia hujitambulisha, hueleza kilichomleta, na akiambiwa atoke hutoka. Hodi yake imechelewa, lakini imepigwa. Katika upigaji picha, hodi iliyochelewa ni kumwonesha mtu picha yake na kumuuliza jina lake. Ni kumpelekea nakala. Ni kuandika mahali palivyoitwa na wenyewe. Na akisema la, kwa sababu yoyote au bila ya sababu, ni kuiacha picha gizani hata kama ni picha ya maisha. Doisneau alimpa yule binti wa busu nakala siku chache baadaye. Mwaka 2005 binti huyo, aliyekuwa keshazeeka, aliiuza mnadani kwa euro 155,000. Ni kweli kwamba alipomdai mpiga picha malipo mahakamani hapo kabla alishindwa. Lakini alikuwa na kitu mkononi, na alikuwa nacho kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekumbuka alikoishi.

Wengi watasema kuwa Cartier-Bresson hakuwa na nafasi ya hayo, mwanzoni mwenye kuhama nchi baada ya nchi, kisha mwenye kutumwa na magazeti. Labda. Ila kuna jambo moja linalopunguza nguvu ya udhuru huo, nalo ni kwamba yeye mwenyewe hakupenda kabisa kupigwa picha. Chuo Kikuu cha Oxford kilipomtunukia shahada ya heshima mwaka 1975, aliufunika uso wake kwa karatasi mbele ya kamera. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kikazi, kwamba akijulikana sura hataweza tena kupita njiani bila ya kutambuliwa. Ni sababu njema. Na maana yake ni kuwa alijua vizuri, kuliko mtu yeyote, thamani ya kupita njiani bila ya kutambuliwa. Yeye alificha uso akabaki na jina. Waliopita mbele ya lenzi yake walitoa uso wakabaki bila ya jina. Hakuna haja ya kumwita mnafiki. Ni mtu aliyejua bei ya bidhaa kwa sababu alikuwa mfanyabiashara wake mkubwa.

Wapo wanaodhani kuwa jina ni jambo dogo, la kumfurahisha msimamizi wa makumbusho. Mwaka 1991 zilioneshwa mjini New York picha kadhaa kutoka Bamako, Mali: wanawake waliojipamba, vijana na saa zao, zote kwa weusi na weupe, zote za watu waliokwenda kwa miguu yao kwa mpiga picha na kuketi walivyotaka waonekane. Chini yake iliandikwa kuwa mpiga picha hajulikani. Watu wakauliza, kwa kuwa safari hii asiye jina alikuwa msanii. Mtu akasafiri hadi Bamako, na huko, ambako kila mmoja angeweza kumwelekeza, alimkuta Seydou Keïta, mzee aliyefungua studio yake mwaka 1948, akiwa na hazina ya filamu zake. Miaka michache baadaye alikuwa na maonyesho yake Paris, kwa jina lake. Kumpata kulihitaji mtu mmoja tu aone kuwa inafaa kwenda kuuliza.

Wavulana watatu wa Munkácsi, kama walikuwa na umri wa miaka kumi hivi walipoingia majini, katika mwaka huo wa 1991 wangekuwa ni wazee wa miaka sabini. Yamkini mmoja wao alikuwa bado hai, ama upande wa Kigoma ama upande wa Monrovia, akiteremka ufukweni asubuhi kununua samaki kwa watu wanaomjua jina. Picha bado inachapishwa. Katika vitabu vyengine huandikwa Tanganyika, katika vyengine Liberia.